Mchanga wa Kitakoni: Pete ya Almasi kwa Sonara wa Mtwara

Kwa miaka 26 nimekuwa nikikata korosho. Gunia linaletwa ghalani kwenye chama chetu cha msingi huku Tandahimba, nachota kidogo juu, kidogo katikati, kidogo kitakoni, nazipasua moja moja na kutazama kiini. Kilichonyauka naweka kando, chenye ukungu kando, tupu kando. Katika miaka hiyo nimekuta kokoto, nimekuta mchanga uliotiwa chini kabisa ya gunia ili mizani iseme kilo ambazo shamba halikuzaa, nimekuta korosho zilizolazwa kwenye maji usiku kucha kwa sababu hiyohiyo. Mizani haina macho, ndiyo maana chama kinamlipa mtu mwenye kisu.

Nayasema haya kwa sababu nimejifunza kwamba almasi nayo hutiwa mchanga kitakoni. Aliyenifundisha ni sonara mmoja wa Mtwara mjini, na nimeona anastahili kuandikiwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi Mtwara na anataka kuoa. Kwetu Wamakonde jambo la namna hiyo halimpiti mjomba, kwa hiyo pete ilipofika ilitua mkononi mwangu kabla ya kidole chochote. Aliinunua Dar es Salaam, kwenye duka moja lenye vioo vingi na taa nyingi: almasi ya duara, nusu karati, na karatasi iliyoandikwa 0.50 kwa wino mzito. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo nusu karati ni gramu 0.1, kitu ambacho ukikipigia chafya hukioni tena. Kijana alikiwekea akiba misimu miwili.

"Mjomba, hebu itazame," aliniambia, akingoja sifa.

Niliipeleka dirishani. Pembeni paling'aa kidogo, lakini katikati ya jiwe palikuwa na giza, kama tundu la kisima ukichungulia mchana. Sikuwa na la kumwambia maana elimu hiyo sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni hisia ileile inayonijia gunia linapokuwa zito kuliko umbo lake. Nikamwomba asimvishe mtu kwanza, tupite kwa fundi aliyemuungia mke wangu cheni mwaka jana.

Duka lenyewe ni dogo, mtaa wa nyuma ya soko, mlango mmoja na kabati moja la kioo. Ukiingia unaona kazi ya kila siku ya sonara: vipini, hereni, bangili, cheni za watoto, mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo, na nyuma yake meza iliyoungua ungua anapoyeyushia dhahabu. Almasi hazimo kabatini. Huziagiza mteja akishaamua anataka nini, zinakuja na vyeti vyake. Anazo chache ndogo tu kwenye karatasi zilizokunjwa, za kufundishia. Hilo la kufundishia ndilo lililonifanya niandike.

Tulipomwonyesha pete, kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima taa za kabati. Mpwa wangu alishangaa.

"Kijana, chini ya taa hizi hata kipande cha chupa kitameremeta," fundi alisema. "Zimewekwa kwa ajili ya kuuzia. Za kununulia ni zile pale." Akatuonyesha mlangoni, palipokuwa na mwanga wa kawaida wa asubuhi, kisha kivuli cha mwarobaini ng'ambo ya barabara. Akatutuma tuitazame pete kwenye kivuli. Chini ya mti lile tundu la giza lilionekana wazi zaidi, na jiwe zima likawa kama limelala.

Tuliporudi alilipima kwa kipimo cha chuma. Upana milimita 4.9. Akageuza pete, na kwa kuwa nyuma ilikuwa wazi, akapima na kina: milimita 3.4. Akaandika namba hizo kwenye karatasi akatueleza taratibu, bila kumwonyesha kijana kwamba ni mjinga, jambo ambalo nililishukuru. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri, kina chake huwa kama asilimia 60 hivi ya upana. Hii yetu ilikuwa inakaribia 70. Nusu karati iliyokatwa sawasawa huwa na upana wa milimita 5.1 au 5.2. Ukiitazama hii kwa juu, uso wake ni wa jiwe la karati 0.44 hivi. Uzito uliobaki umejificha chini, ndani ya dhahabu, mahali ambapo hakuna jicho litakalowahi kufika.

"Umelipia 0.50, unavaa 0.44," alisema.

Hapo mimi nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Mchanga wa kitakoni!

Nikamuuliza, sasa mkataji alikuwa na haja gani ya kuliharibu? Akasema hakuliharibu kwa bahati mbaya. Bei ya almasi haipandi kama ngazi zenye vidato sawa, ikigusa 0.50 inaruka, ikigusa 1.00 inaruka tena. Mwenye jiwe ghafi akiona kwamba akilikata kwa haki atabaki na 0.44, na akiliacha nene kitakoni atabaki na 0.50, anajua mwenyewe atakachofanya. Karatasi itasema 0.50 na hakuna uongo ulioandikwa. Ni kama mkulima anayekuambia gunia ni kilo 80, na kweli ni kilo 80.

Kisha akatupa mfano wa kwetu Tanzania ambao sikuujua. Mgodi wa Mwadui kule Shinyanga, aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulitoa mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Likawa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilipokatwa London lilibaki karati 23.60. Zaidi ya nusu ya jiwe lile la ajabu iligeuka unga na vipande, kwa hiari, ili kilichobaki kiwe kinavyotakiwa. Mpwa wangu alinyamaza. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuitetea pete yake.

Sasa niseme kwa nini mkato una nguvu hivyo, maana fundi alitumia karibu nusu saa kwenye hili na sijawahi kuona muuzaji akitumia nusu saa kwa mteja ambaye bado hajatoa shilingi. Almasi haina taa ndani yake. Inachofanya ni kuupokea mwanga kwa juu, kuugongesha kwenye ukuta mmoja wa chini, ukaruka hadi ukuta wa pili, kisha kuurudisha juu kwenye jicho lako. Kuta hizo za chini zikiinama sawasawa, kama nyuzi 41 hivi, mwanga unarudi. Zikiinama kupita kiasi, mwanga unagonga ukuta wa pili vibaya na kutokea pembeni au chini: ndilo lile giza la katikati. Zikilala mno, mwanga unavuja moja kwa moja, na ukichungulia kwa juu unaona duara la kijivu limezunguka ndani ya jiwe. Fundi analiita jicho la samaki, na kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya changu wa jana sokoni, jina hilo halihitaji maelezo. Niliyafananisha na paa la makuti. Kila fundi wa huku anajua kuwa paa likilala mno linavuja, hata makuti yawe mapya na mazito namna gani.

Aliyeyaweka mahesabu hayo kwenye maandishi ni Marcel Tolkowsky, mtu wa ukoo wa wakata almasi, mwaka 1919. Mkato wa duara wa siku hizi unatokana na kazi yake: nyuso 57, au 58 kama ncha ya chini nayo imesawazishwa. Nilijaribu kuzihesabu kwa lensi ya fundi nikapotelea kwenye ishirini na kitu. Lakini niliona kiuno cha jiwe, ule mstari mwembamba unaotenganisha juu na chini, na fundi akanionya nikitazame sana: kiuno kinene ni mahali pengine pa kufichia uzito, na kiuno chembamba kama wembe kinamegeka.

Alitufungulia karatasi zake tatu, kila moja na almasi ndogo. Moja nene, moja bapa, moja iliyokatwa kwa haki. Akaziweka kichwa chini juu ya gazeti. Ile bapa niliweza kuona herufi kupitia kwake, ile ya haki sikuona kitu. Kisha akazigeuza na kutuambia tuchague kwa macho, bila kutuambia ipi ni ipi. Sote wawili tuliigusa ileile. Ilikuwa ndogo kuliko zote tatu.

Wapo watakaosema mkato si duara tu, na ni kweli. Mpwa wangu alikuwa amependa picha za mraba wenye pembe kali, ule wanaouita "princess". Fundi alimwambia pembe ndizo zinazovunjika, maana almasi ni ngumu kukwaruza kuliko kitu chochote cha asili lakini ina njia zake za kupasukia, na ukiigonga vibaya inapasuka. Ukitaka huo mraba, kila pembe ifunikwe na ukucha wa dhahabu. Umbo la yai linaonekana kubwa kwa uzito wake, ila tazama katikati kama hakuna kivuli kilichokatiza mfano wa kipepeo. Ule mstatili wenye ngazi ngazi ni mzuri na mtulivu, lakini nyuso zake ni pana kama dirisha, kila doa la ndani linaonekana, kwa hiyo unalipia usafi zaidi. GIA, maabara ya Marekani ambayo vyeti vyake ndivyo anavyovipokea zaidi, ilianza mwaka 2006 kuandika daraja la mkato kwa almasi za duara. Cheti cha yai alichotuonyesha hakikuwa na mstari huo kabisa, ni vipimo tu. "Kwenye duara karatasi inakusaidia," alisema. "Kwenye maumbo mengine macho yako ndiyo cheti."

Mimi nilimshauri kijana duara. Mpimaji hapendi kitu kisicho na daraja.

Mchumba wake ni muuguzi. Fundi alipolisikia hilo alibadilisha mchoro wote. Makucha yaliyosimama yatachana glavu kila siku, akasema, na kila ukucha ukilegea jiwe linaanza kucheza. Akapendekeza jiwe likae chini, lizungushiwe ukingo laini wa dhahabu badala ya makucha. Nikamuuliza kama ukingo hautazuia mwanga. Akacheka kidogo: "Mzee wangu, si tumesema mwanga unaingia kwa juu?" Swali hilo nilistahili kujijibu.

Tukaagiza jiwe la karati 0.30, daraja la juu kabisa la mkato, upana milimita 4.3. Rangi tukashuka hadi daraja la H, yaani si weupe wa juu kabisa, kwa kuwa dhahabu ni ya njano na weupe wa ziada ungemezwa na dhahabu yenyewe. Usafi tukachukua SI1, maana yake doa lipo lakini unalitafuta kwa lensi ya mara kumi. Kwa macho tupu nililitafuta nikashindwa, na macho yangu ni ya kazi. Pesa tuliyookoa kwenye rangi na usafi ndiyo iliyolipa mkato. Dhahabu ni karati 18, yaani asilimia 75, na muhuri wa 750 umo ndani ya pete. (Karati ya dhahabu ni kipimo cha kiasi cha dhahabu iliyomo, karati ya almasi ni uzito. Mpwa wangu alikuwa anazichanganya, na nina shaka si yeye peke yake.) Jumla tulilipa shilingi 1,950,000, jiwe, dhahabu na ufundi.

Tukiwa pale aliingia mama mmoja na hereni alizouziwa kama almasi. Fundi aliweka kile kifaa chake kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto, kikalia. Mama akafurahi. Fundi hakufurahi, akachukua lensi, akainamisha hereni pembeni, kisha akamwita mama atazame mwenyewe. Mistari ya nyuso za chini ilikuwa inaonekana miwilimiwili. Ilikuwa moissanite, jiwe zuri na gumu, linalopitisha joto kiasi cha kukidanganya kifaa cha namna ile, lakini si almasi. Alimwambia ukweli kwa upole, bila kumtukana aliyemuuzia. Pia aliniambia siku hizi zipo almasi zinazokuzwa kiwandani. Hizo ni almasi kweli, kaboni kama hizi za ardhini, ila bei yake ni ya chini sana na muuzaji anapaswa kusema. Kaboni hiyohiyo ndiyo kinywe kinachopatikana Ruangwa, pale Lindi, cheusi na laini kiasi cha kuandikia. Tofauti ni namna chembe zake zilivyoshikana. Hilo lilinikaa kichwani safari nzima ya kurudi Tandahimba.

Sasa lawama, maana nampa nyota nne, sijampa tano. Alituahidi siku 14, pete ikatoka siku ya 26, na katika siku hizo hakupiga simu hata mara moja. Sisi ndio tuliompigia. Kijana aliyepanga siku ya kwenda ukweni hawezi kukaa anabahatisha. Malipo ya awali aliyotaka ni zaidi ya nusu, na mwanzo alitaka kutuandikia kwenye kijikaratasi cha kawaida. Risiti ya mashine aliitoa baada ya mimi kuisimamia, na sikuona sababu ya kusimamia kitu ambacho ni haki ya mteja. Viti hakuna, ni kibenchi kimoja ambacho mzee akikaa mteja mwingine anasimama.

Lakini jiwe lilipofika alitukabidhi kabla hajalifunga kwenye dhahabu. Huu ndio uungwana wenyewe. Akatupa lensi tutazame kiunoni, pana namba ndogo sana zilizoandikwa kwa mwanga wa leza. Mpwa wangu akaziingiza kwenye simu, kwenye tovuti ya GIA, na kila kitu kikaja: uzito, vipimo, kina asilimia 61.3, rangi, usafi, mkato. Tukalilinganisha na karatasi mkononi. Ndipo akalifunga, sisi tukiwa tumekaa palepale tunaona, ili asiwepo wa kusema limebadilishwa.

Akamwagiza pia namna ya kuitunza. Almasi inapenda mafuta. Hata migodini walizoea kupitisha mchanga wa almasi na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zinanasa, mawe mengine yanapita. Kwa hiyo losheni, mafuta ya nazi, yote yatang'ang'ania kwenye jiwe na kulizima. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini, basi.

Ile ya nusu karati tulimuuliza kama inaweza kukatwa upya. Inawezekana, akasema, lakini itashuka hadi kwenye 0.40 na kitu, lazima isafirishwe, na gharama zitakula faida. Alikataa kuichukua kazi hiyo ingawa tulikuwa tayari kumlipa. Duka la Dar lilikataa kurudishiwa. Walisema karatasi imeandika 0.50 na jiwe ni 0.50. Nimeumia kwa ajili ya kijana, nasema wazi. Pesa ile ni makontena mangapi ameyasimamia juani pale bandarini.

Muuguzi amevishwa pete nyumbani kwao Mikindani, mbele ya wazee. Dada yangu alipomuuliza kama inamtosha, alitoka nayo hadi barazani, akaishika chini ya kivuli cha makuti, akaigeuza geuza, akarudi anatabasamu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Ukitaka kwenda kwa fundi huyu, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mwanga wa mlangoni ukiwa mzuri. Ijumaa hufunga saa sita kwa ajili ya sala na hafungui mpaka saa tisa. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, malipo yakishaingia benki, duka hujaa watu wa cheni na bangili na hatakuwa na nusu saa ya kukupa, agiza mapema. Na mwambie tangu mwanzo unataka risiti ya mashine.